SOMO LA MAKATIBU: JENGO NA KUMBUKUMBU ZAKE



Barabara itokayo Namanyere huteremka kutoka uwanda wa Ufipa hadi Kirando, penye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Kandokando yake yamo majengo ambayo kila mpita njia huyatambua, lakini ni wachache wawezao kueleza yalijengwa na nani. Kabla ya kuyashughulikia, na tutazame kwanza jirani yetu wa kaskazini kwenye ufuko huo huo, yaani Karema, iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa hadi Mkoa wa Katavi ulipoundwa mwaka 2012.

Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alianzisha hapo kituo cha chama kilichoongozwa na Mfalme Leopold II, nacho kikajengewa ngome. Wakati huo maji yalikuwa karibu. Baadaye ziwa lilipungua, kwa kuwa Mto Lukuga, upande wa Kongo, ulikuwa umefungua njia ya maji kutoka. Ngome ikaachwa mbali na ufuko. Mwaka 1885 ilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe, ikawa misheni. Adrian Atiman, aliyetekwa utumwani utotoni huko Afrika Magharibi, akakombolewa na kusomea uganga Malta, alifika Karema mwaka 1889 na kuwatibu watu hadi alipofariki mwaka 1956.

Twayajua hayo kwa sababu kila makabidhiano yaliandikwa.

Sisi wanaushirika tunalo la kujifunza hapo. Vyama vilipovunjwa mwaka 1976, mali zake zilihamia mikononi mwa wengine. Sheria ya mwaka 1982 iliporudisha ushirika, mahali pengi ghala lilikuwapo ila hati hazikuonekana. Chama kisicho na hati kitajibu nini kikiulizwa kiwanja ni cha nani?

Basi kila Katibu atenge daftari moja la majengo. Aandike mwaka wa kujengwa, aliyetoa kiwanja, waliofyatua matofali (hawa husahauliwa upesi kuliko waliokata utepe), kazi za jengo tangu mwanzo, na kila aliyelikabidhi na aliyelipokea. Wazee wawili watie sahihi au dole gumba, kila mmoja mbele ya mwenzake. Wakipingana juu ya mwaka, iandikwe miaka yote miwili pamoja na jina la aliyeutaja kila mmoja. Katibu asichague yeye. Daftari lisomwe katika mkutano mkuu, kisha nakala moja ihifadhiwe nje ya jengo la chama, kwani paa likivuja au moto ukizuka, vyote huharibika pamoja.

Waanze na wazee wenye umri mkubwa zaidi, wiki hii.