"Mtoto Mchanga" Ana Umri Gani? Istilahi na Hesabu ya Vifo vya Watoto Nchini Kenya

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba istilahi isiyo na mipaka inaweza kuficha vifo. Chanzo chake ni mkunga mmoja wa Hurlingham, mtaa wa Nairobi wenye hospitali nyingi, aliyeniletea karatasi ya mafunzo nimsahihishie Kiswahili chake. Humo "vifo vya watoto wachanga" vilitajwa mara mbili, kwa takwimu mbili: 32 na 21. Akaniuliza ipi ni sahihi. Zote mbili zilikuwa sahihi.

Takwimu hizo zimetokana na Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya wa Kenya wa mwaka 2022. Kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 32 walifariki kabla ya kutimiza mwaka, na 21 miongoni mwao hawakumaliza mwezi wa kwanza. Wataalamu wa afya huyatenganisha makundi hayo. Kiswahili cha ripoti na magazeti yetu mara nyingi huyaita kwa jina moja, kwani kivumishi -changa hakihesabu siku: twasema mahindi machanga, mwezi mchanga, hata akili changa.

Je, hili ni jambo la watunga kamusi tu? La hasha. Mwaka 2003 takwimu zilikuwa 77 na 33. Vifo vya mwaka wa kwanza, basi, vimepungua kwa zaidi ya nusu, ilhali vya mwezi wa kwanza vimepungua kwa takriban theluthi moja tu. Na sasa ndivyo vilivyo vingi. Chanjo na chandarua havimwokoi aliyezaliwa bila kupumua. Huyo humhitaji mkunga stadi, mwenye kifaa cha kumpulizia hewa, katika dakika ile ya kwanza. Mtoto njiti naye huhitaji joto la kifua cha mamaye.

Upimaji wenyewe hutegemea maneno. Mhoji humwuliza mama kuhusu watoto wote aliowazaa, walio hai na waliofariki. Anayesema hajafiwa huulizwa tena: je, hakuna aliyelia, au aliyeonyesha dalili yoyote ya uhai, japo kwa muda mfupi? Naliona swali hilo kuwa zito kuliko yote. Mtoto aliyeishi saa moja, pengine bila kupewa jina, ni rahisi kuachwa nje ya hesabu, na tafsiri mbovu ya swali hilo humpoteza mara ya pili.

Waswahili wa pwani hawakukosa mpaka: mzazi na mwanawe hutunzwa ndani hadi arubaini itimie. Siku 40 si 28, nakiri, lakini dhana ipo. Kwa hiyo napendekeza "kichanga" kwa aliye chini ya siku 28, na "mtoto mchanga" kwa aliye chini ya mwaka.

Mkunga alikubali kwa sharti moja, kwamba siku 28 ziandikwe kando ya neno hilo kila linapotumika. Lengo la kimataifa la mwaka 2030, yaani vifo visivyozidi 12 kwa kila 1,000, linahesabiwa kwa siku hizo.