Santuri za mzee zisiuzwe butura

Wakulima wa Bukoba na Muleba wanaijua butura: kahawa ingali maua mtini, mwenye shida anapokea fedha, na mavuno yakifika ni mali ya mwingine. Biashara ya namna hiyo inaweza kufanyika hata sebuleni. Tuchukue mfano wa familia ya Kahororo iliyorithi santuri 240. Mnunuzi amefika na Sh 300,000 taslimu kwa mzigo wote, na ada ya shule inadaiwa. Wauze?

Kwanza wagawanye. Ni Sh 1,250 kwa kila santuri. Kwa baadhi hiyo ni bei nzuri, kwa nyingine ni hasara, na kwa sasa anayejua zipi ni zipi ni mnunuzi peke yake. Jim Reeves na Boney M waliuza santuri kwa mamilioni duniani. Mkusanyaji wa London hana haja ya kuwafuata Kagera. Anachotafuta ni zile ndogo za inchi 7, mizunguko 45, za bendi zetu: Morogoro Jazz, Western Jazz, NUTA Jazz na wenzao. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kazi hiyo ilifanyika Nairobi, na mpaka na Kenya ulipofungwa mwaka 1977 njia ikabana. Nyingi zilipigwa baa hadi zikachakaa.

Hapo ndipo hali ya mali inapoamua bei. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu hupenda majalada. Itazame kila santuri, pande zote mbili, chini ya mwanga mkali. Mkwaruzo ambao ukucha unaugusa unashusha bei vibaya. Zipange wima, mbali na jua, la sivyo zitapinda. Andika jina la bendi, lebo na namba yake.

Kwa bei, tovuti ya Discogs, iliyoanzishwa mwaka 2000, huonyesha mauzo yaliyopita. Soma bei iliyolipwa. Bei anayotaja muuzaji ni matumaini yake tu.

Sasa hesabu. Tuseme santuri 30 tu ndizo adimu na safi, na wastani wake ni Sh 25,000. Hiyo ni Sh 750,000. Toa asilimia 20 ya dalali, yaani Sh 150,000, na Sh 60,000 za vifungashio na usafiri. Zinabaki Sh 540,000, na santuri 210 bado zipo ndani. Kasoro ni muda: huenda ikachukua miezi sita, na mwalimu mkuu hasubiri.

Kwa hiyo mrudieni mnunuzi. Mwambieni achukue zile 210, zile 30 haziuzwi. Akishuka hadi Sh 100,000, amekwisha kuwaambia kwamba kwake zile 30 zina thamani ya Sh 200,000 au zaidi. (Wafanyabiashara wengi hutoa siri zao namna hii bila kujua.) Pokeeni hiyo laki moja, mlipe sehemu ya ada, kisha mumuuzie mbili tatu kati ya zile 30, moja moja, kila moja kwa bei yake. Zinazosafiri zifungwe kati ya vipande viwili vya kadibodi ngumu, na risiti ya basi itunzwe hadi mpokeaji athibitishe.