Somo la Wamama: Mwili Unapobadili Majira

Masomo ya kusoma kwanza: Mwanzo 18:9-15 na Marko 5:25-34

Somo hili ni letu sisi wamama wa Bwera na Kasese, pamoja nanyi mliovuka Mpondwe mkapitia hapa kabla ya kupelekwa Kyaka II na Rwamwanja. Somo hili tumeliahirisha mara nyingi kwa sababu ya aibu. Lakini Maandiko hayakuona aibu. Katika habari za Sara, kabla ya kicheko chake pale hemani, tunaelezwa wazi kwamba siku zake za mwezi zilikuwa zimekwisha. Abrahamu alilijua jambo hilo. Kwetu wako waume walioishi na wake zao miaka 30 na hawalijui.

Hedhi hukoma kwa wanawake wengi kati ya umri wa miaka 45 na 55. Hatusemi imekoma mpaka ipite miezi 12 mfululizo bila kuona damu. Chanzo ni kwamba mayai yanakwisha, na homoni iitwayo estrojeni inapungua. Ubongo, ambao hulinda joto la mwili, unachanganyikiwa kidogo: mama ameketi ibadani, ghafla moto unampanda kifuani hadi usoni, jasho linamtoka, na baada ya dakika chache anasikia baridi. Usiku shuka linalowa. Usingizi unakatika, hasira zinakuwa karibu, jina la mtoto wa jirani linapotea mdomoni. Hali hii yaweza kudumu miaka kadhaa. Na Kasese kwenyewe ni joto, tena chini ya turubai!

Sisi tuliokimbia vita tuna shida ya ziada: hatujui lipi ni la mwili na lipi ni la yale tuliyoyaona. Mama mmoja wa kikundi chetu aliamini anarogwa. Mwingine alimeza dawa za malaria mara nne katika mwaka mmoja bila kupimwa hata mara moja, kwa kuwa kila jasho aliliita homa. Wa tatu alitufundisha upande wa pili. Tulimwambia, “Mama, ni umri tu, vumilia.” Kumbe alikuwa na kikohozi tangu wiki nyingi na nguo zilikuwa zinamlegea. Alipopimwa, ilikuwa kifua kikuu. Tangu siku hiyo hatumwambii mtu “ni umri tu” kabla hajapimwa. Jasho la usiku pamoja na kikohozi cha wiki mbili, kukonda au homa, nenda ukapimwe. Ukiwa na homa, pima malaria kabla ya kumeza dawa. Na asiyejua hali yake ya virusi vya UKIMWI apime pia, hata akiwa na wajukuu.

Jambo jingine lisingoje: damu inayorudi baada ya mwaka mzima wa kukoma. Hiyo si ujana unaorudi, kama wengine wanavyotania. Mara nyingi sababu ni ndogo, lakini yaweza kuwa saratani ya mlango wa kizazi au ya kizazi chenyewe. Saratani ya mlango wa kizazi inawapata wanawake wengi wa Uganda, na ikionekana mapema inatibika. Yule mama wa Marko 5 alitokwa na damu miaka 12 na akamaliza mali yake yote kwa waganga. Wewe anza na kituo cha afya, au hospitali ya Bwera, au Kagando, kabla hujauza mbuzi.

Sasa tuje kwenye dawa za homoni, maana maswali ni mengi. Dawa hizi humrudishia mama estrojeni kwa kiasi kidogo, na ndizo zinazotuliza moto wa mwili kuliko dawa nyingine. Pia hulinda mifupa. Mama mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake. Huongezewa homoni ya pili, projesteroni au ya jamii yake, ili ukuta wa kizazi usinenepe na kuzaa saratani. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani juu ya dawa za homoni mbili ulisimamishwa, kwa kuwa saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda viliongezeka kidogo. Wanawake duniani kote wakaziogopa. Baadaye madaktari waliangalia tena na kuona kwamba wengi wa wanawake wale walikuwa wazee, wastani wa miaka 63. Kwa mama mwenye afya ambaye hajafika 60, au ambaye hedhi yake imekoma chini ya miaka 10, faida kwa kawaida inazidi hatari. Kuanza baada ya hapo ni jambo la kupima kwa makini sana. Aliyewahi kuwa na saratani ya matiti, kiharusi, damu kuganda au ugonjwa wa ini asianze. Na mwenye damu isiyojulikana chanzo achunguzwe kwanza.

Tusidanganyane: dawa hizi si za kupewa dirishani kama panadol. Zinahitaji daktari, kupimwa presha, na mara nyingi fedha. Ndiyo sababu wengine hununua vidonge vya uzazi wa mpango dukani wakidhani ni kitu kimoja. Sivyo. Homoni iliyomo ina nguvu zaidi, na kwa mama wa miaka 50 mwenye presha ni hatari. Tena anayechoma sindano ya uzazi wa mpango hawezi kujua kama hedhi imekoma, maana sindano yenyewe huizuia. Anayemeza dawa za kifua kikuu au za virusi amwambie daktari, kwa sababu baadhi yake hupunguza nguvu za homoni.

Wengi wetu tutapita bila homoni, na inawezekana. Vaa vitenge vyepesi, lala na maji ya kunywa karibu, punguza pombe na pilipili kama unaona vinaamsha moto. Kwa mifupa, kula dagaa na mifupa yake, sombe na maharagwe. Kutembea na kulima kunasaidia. Kubeba jerikani kichwani tumeshabeba ya kutosha.

Na ninyi baba zetu: mama akikwepa tendo la ndoa, usifikiri ana mwingine. Ukavu unauma. Mafuta husaidia, ila mafuta ya kupikia huharibu kondomu. Na mimba bado inawezekana mpaka mwaka upite bila hedhi. Kwa aliye chini ya miaka 50, miaka miwili.

Maswali ya nyumbani: Je, mama wa nyumba hii analala usiku? Nani alimwuliza mara ya mwisho?