SOMO LA MWEZI NA JUA, NA WAKATI WA KUPANDA MAHINDI

Ndugu wakulima, katika lugha yetu neno moja lina maana mbili. Mwezi ni ile taa ya usiku. Tena mwezi ni hesabu ya siku katika kalenda. Kwa kuwa jina ni moja, wengi wanadhani vitu hivi viwili vinatembea pamoja. Sivyo. Mtu asiyejua hivi aweza kupoteza mbegu zake zote, na watoto wake watakosa bukari. Basi tujifunze.

1. Mwezi ni kitu gani?

Mwezi ni mviringo kama dunia, lakini ni mdogo kuliko dunia. Hauna nuru yake yenyewe. Nuru tunayoiona ni ya jua, inaupiga mwezi na kurudi kwetu. Upande mmoja unaangaza, upande wa pili ni giza. Lakini mwezi unaizunguka dunia, kwa hiyo upande ule wenye nuru hatuuoni sawasawa kila siku.

Jaribu hivi. Jioni, jua likiwa chini, shika chungwa na kunyosha mkono. Lielekeze upande wa jua, lakini usilikodolee jua macho. Upande wa chungwa unaokutazama ni giza: huo ndio mwezi uliopotea. Geuka polepole pamoja na mkono wako. Utaona ukingo mwembamba wa nuru, kisha nusu. Ukilipa jua mgongo na kuinua chungwa juu kupita kichwa chako, utaliona lote linaangaza: huo ndio mwezi mpevu. Zidi kugeuka, na nuru itapungua tena. Chungwa halikufa wala halikuzaliwa. Limehama tu.

Ndiyo sababu mwezi mwandamo unaonekana magharibi jua likiisha kuchwa, na mwezi mpevu unatoka mashariki jua linapokuchwa.

Wengine husema kivuli cha dunia kinaula mwezi kidogo kidogo kila siku. Si kweli. Kivuli cha dunia huufikia mwezi mara chache tu, nao ukiwa mpevu. Ndiko kupatwa kwa mwezi. Wengine tena husema, mwezi ukilala kama mtumbwi umeshika mvua, na ukiinama unaimwaga. Lakini mwezi hauna mvua ndani yake. Kulala au kuinama kwake kunafuata njia ya jua na ya mwezi mbinguni, basi.

2. Masika na kiangazi vinatoka wapi?

Dunia inajizungusha yenyewe kwa siku moja. Tena inalizunguka jua kwa siku 365 na saa 6 hivi. Katika safari hiyo dunia haisimami wima. Imeinama, na kuinama kwake ni kwa upande ule ule mwaka wote. Kwa hiyo katika mwezi wa sita upande wa kaskazini ndio unaoelekea jua. Katika mwezi wa kumi na mbili ni upande wa kusini, nasi wa Katanga tumo humo.

Usidhani kwamba ni kwa ajili ya jua kuwa mbali au karibu. Mwanzo wa mwezi wa kwanza dunia iko karibu na jua kuliko siku nyingine zote, na siku zile zile watu wa Ubelgiji wanatetemeka kwa baridi.

Jua likiwa juu ya vichwa, nchi inapata moto sana, na hewa yake inapanda. Pepo zenye unyevu zinakuja mahali pake. Unyevu ukifika juu unapoa, unakuwa mawingu na mvua. Ndiyo maana mvua hufuata jua. Huko Uele, kaskazini ya Kongo, kiangazi ni kutoka mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili, wakati sisi tunakanyaga matope. Na Kisangani, karibu na mstari wa kati ya dunia, mvua inanyesha karibu miezi yote.

3. Kijiti kisichosema uongo

Simika kijiti cha metre 1 mahali wazi, kisimame wima. Elekea mashariki: mkono wa kushoto ni kaskazini, wa kuume ni kusini. Kila juma pima kivuli saa sita ya mchana, kinapokuwa kifupi kuliko saa zote.

Katika nchi ya Lubumbashi utaona hivi:
— tarehe 21 ya mwezi wa sita: kivuli cha centimetre 70, kinaanguka kusini;
— karibu na tarehe 24 ya mwezi wa kumi: hakuna kivuli, jua liko juu ya kichwa;
— tarehe 21 ya mwezi wa kumi na mbili: kivuli cha centimetre 21, kinaanguka kaskazini;
— karibu na tarehe 18 ya mwezi wa pili: hakuna kivuli tena.

Kivuli kikipotea mara ya kwanza, ujue masika yamekaribia.

4. Hesabu ya mwezi inavyodanganya

Kutoka mwandamo mpaka mwandamo ni siku 29 na nusu. Miandamo 12 ni siku 354. Mwaka wa jua ni siku 365. Zimekosekana siku 11.

Tuseme mtu amepanda mahindi wakati wa mwandamo, tarehe 20 ya mwezi wa kumi na moja. Akihesabu miandamo 12 na kupanda tena, mwaka wa pili atapanda tarehe 9. Mwaka wa tatu atapanda tarehe 29 ya mwezi wa kumi. Mwaka wa nne, tarehe 18 ya mwezi huo. Labda mvua moja imenyesha siku hiyo. Mbegu zitaota, kisha jua litazikausha. Mwezi haukukosa, hesabu ndiyo iliyokosa.

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Waliona hesabu imepotea, wakaisahihisha kwa kutazama majani mapya ya miti na nyota za Kilimia, zinazotoka mashariki jioni katika mwezi wa kumi na moja. Nyota hizo hufuata mwaka wa jua.

5. Mambo ya kufanya

Maliza kulima kabla kivuli hakijapotea. Mvua ya kwanza isikudanganye: chimba shibiri moja, na kama udongo ni mkavu, ngoja. Panda mahindi toka kati ya mwezi wa kumi na moja mpaka kati ya mwezi wa kumi na mbili. Mahindi ya kupandwa katikati ya mwezi wa kwanza yatahitaji maji mpaka mwezi wa tano, na mvua zetu zinaisha mwezi wa tatu au wa nne. Usiseme, mtoto wangu yuko kazini katika mayini, atanunua unga. Masika yakikosa mahindi mgini, bei ya unga inapanda huko kambini pia.

Maulizo
1. Nuru ya mwezi inatoka wapi?
2. Miandamo 12 inapungukiwa na siku ngapi katika mwaka wa jua?
3. Katika mgini wenu, kivuli cha kijiti kinapotea siku gani? Andika tarehe, uiweke kwa mwaka ujao.