Waamuzi Wawili, Vituo Vinne: Kufundisha Mgawanyo wa Kazi katika Softboli

Mwanachuo anayejifunza uamuzi wa softboli hukariri sheria upesi. Linalomtatiza ni kujua zamu ya nani kuamua. Hapo ndipo mkimbiaji mmoja huamuliwa mara mbili, au asiamuliwe kabisa. Tunapendekeza somo lifuate hatua tatu.

1. Vituo vitupu. Wanachuo wachore vituo vinne, mita 18.29 kutoka kimoja hadi kingine. Mwamuzi wa vituo humfuata mpigaji tangu kituo cha kwanza hadi cha tatu. Mwamuzi wa nyumbani huamua iwapo mpira umeangukia ndani ya mistari, na huamua nyumbani.

2. Mkimbiaji yupo kituo cha kwanza. Mpira ukipigwa mbali naye akaelekea cha tatu, kwa kawaida mwamuzi wa nyumbani huamua hapo. Mwenziwe hubaki na mpigaji.

3. Kutangaza. Anayehama aseme kwa sauti, "Cha tatu changu!"

Zoezi lianze kwa kutembea bila mpira, kisha waamuzi wabadilishane nafasi. Mtoto aliyetolewa kwa kauli moja huweza kuridhika. Aliyetolewa na mmoja na kupitishwa na mwingine hupoteza imani na mchezo wenyewe.