Ndege ya kujaribia iundwe kwa vipande

Ndege yetu ya kwanza ya rimoti tuliigundisha yote kuwa kitu kimoja. Ilipoanguka lilivunjika bawa tu, lakini kazi ya wiki tatu ilikwisha. Ya pili tuliiunda kwa vipande: kiwiliwili, bawa, mkia na kibao cha mota.

Tulitumia povu jeupe gumu, lile la kufungashia televisheni. Gundi ya viatu huliyeyusha (tuliharibu mkia mmoja hivyo), kwa hiyo tumieni gundi nyeupe ya mbao. Bawa msiligundishe. Lifungeni kwa rababendi kwenye vijiti viwili vinavyopenya kiwiliwili. Likigonga ardhi, rababendi huachia kabla povu halijavunjika. Mota ikae kwenye plaiwudi yenye skrubu, iweze kuhamishwa.

Kabla ya kurusha, pimeni mizani. Inueni ndege kwa ncha za vidole chini ya bawa, kama robo ya upana wake kutoka ukingo wa mbele. Mkia ukishuka, sogezeni betri mbele. Ndege yenye mkia mzito haitawaliki.

Badilisheni kipande kimoja tu kwa kila jaribio, kisha pimeni mizani upya. Sisi tulibadili bawa na mkia siku moja, na mpaka leo hatujui kipi kiliiangusha.