Samaki Hachinjwi, Lakini Apikwe

Katika darsa zetu suala la samaki huwa jepesi: ni halali, wala hachinjwi. Tukishasema hivyo tunafunga kitabu. Lakini Suratul Baqara, aya ya 168, imetaja sifa mbili za chakula, halali na twayyib, na hiyo ya pili ndiyo yenye kazi.

Wengi wetu hapa Kabalagala tunaamini samaki wa bwawani ni salama kuliko wa ziwani kwa kuwa analishwa na mtu. Si lazima. Chukua mnyoo aitwaye Klinostomamu. Mayai yake huanguka majini kutoka kwa ndege mla samaki, kama yangeyange. Viluwiluwi wake huingia kwanza katika konokono, kisha katika ngege au kambale, wakajikunja ndani ya mnofu kama punje za manjano, wakingoja ndege mwingine. Bwawa lenye majani kingoni lina konokono, na yangeyange haombi ruhusa ya mfugaji. Binadamu akila samaki huyo mbichi, mnyoo huweza kujishikiza kooni na kuleta kikohozi na maumivu. Si ugonjwa wa kila siku, ila umeripotiwa Japani na Korea.

Umoja wa Ulaya huwaruhusu samaki wa kufugwa kuliwa wabichi bila kugandishwa kwanza, lakini kwa masharti, likiwemo kwamba wamelelewa tangu yai kwa chakula kisichoweza kubeba vimelea. Nani atakuthibitishia hilo kwa ngege wa sokoni?

Limau nalo linatudanganya. Linaugeuza mnofu kuwa mweupe, tukadhani umeiva, kumbe mnyoo anaweza kuwa hai. Kinachotegemewa ni moto wa nyuzi 63 za Selsiasi hadi katikati ya nyama, au kugandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri siku 7. Kile kijisanduku cha barafu katika friji ya hosteli hakifiki huko.

Hata wa kukaanga ana mtihani wake. Wateja wakiwa wengi usiku, samaki mnene hutolewa ngozi imekauka huku ndani bado. Mfungue mgongoni kabla ya kulipa. Ukikuta nyama imeng'ang'ania mfupa na bado inang'aa, mrudishie muuzaji. Mafuta yake bado yanachemka.